MIGUU ILIYOKAZANA: Namna ya kumzoeza mgonjwa wa konzo kutembea tena

Mama msomaji, somo hili ni lako wewe unayekuja kwenye kilo pamoja na mtoto. Labda nyumbani kwako hakuna mtu mwenye miguu mibovu. Soma tu. Kesho inaweza kuwa jirani, au mtoto wa dada yako, na wewe utakuwa ndiye mwenye kujua la kufanya.

Kuko ugonjwa mmoja unaokamata miguu yote miwili kwa ghafula. Unaitwa konzo. Neno hili ni la Wayaka wa Kwango, maana yake ni miguu iliyofungwa. Munganga Trolli aliuandika habari zake katika mwaka 1938, kule Kwango. Msumbiji, katika jimbo la Nampula, mwaka 1981 wakati wa ukame, ulikamata watu zaidi ya 1000. Na usifikiri ni ugonjwa wa mbali tu: katika mwaka 2011 waganga waliandika kwamba umeonekana hata hapa Kivu ya Kusini, mahali ambapo vita iliwaondoa watu kwenye mashamba yao. Unakamata zaidi watoto waliokwisha kuacha ziwa na wamama wenye umri wa kuzaa. Ndiyo sababu tunawaandikia ninyi kwanza.

UGONJWA HUU UNAFANYA NINI?

Mtu analala mzima, anaamka miguu mizito, inatetemeka, haimtii. Au anatoka shambani na mzigo, njiani magoti yanakataa, anaanguka. Siku za kwanza wengine hawaoni vizuri, wengine ulimi unakuwa mzito. Hayo ya macho na ulimi mara nyingi yanapungua. Lakini miguu inabaki migumu. Mgonjwa anatembea kwa vidole, visigino haviguse chini, magoti yanasuguana, mguu mmoja unapita mbele ya mwingine kama mkasi.

Juu ya nini? Muhogo mchungu uko na sumu ndani yake. Kama haukulowekwa vizuri, na kama mtu anakula bugali ya muhogo peke yake siku nyingi, bila maharagi, bila samaki, sumu ile inaharibu neva zinazopeleka amri kutoka ubongo mpaka miguu. Miguu yenyewe haikufa. Amri ndiyo inafika vibaya, basi misuli inakaza wakati inapasa kulegea.

Sikiliza mambo matatu ambayo wamama wanauliza kila mara:

1. Si ulozi. Hakuna mtu aliyemfunga mtoto wako miguu. Usimshitaki bibi wala mke mwenzako. Watu wa nyumba moja wanaugua pamoja kwa sababu wanakula chungu kimoja.

2. Hauambukizi. Mtoto mwenye konzo anaweza kulala, kula na kusoma pamoja na wengine. Usimtenge.

3. Hauendelei kupanda kila mwaka kama magonjwa mengine. Pigo linakuja mara moja, kisha linasimama. Lakini kama mgonjwa anarudia chakula kile kile chenye sumu, pigo la pili linaweza kumkuta, na lile la pili linaweza kumwacha vibaya kuliko la kwanza.

Kwa hiyo kazi ni mbili: kutengeneza chakula, na kuzoeza miguu. Tuanze na miguu.

DAWA YA KUPONYESHA NEVA HAKUNA. MAZOEZI YAKO.

Tunasema kweli, tusidanganyane: hakuna sindano wala kidonge cha kurudisha neva zilizoharibika na konzo. Kama mtu anakuuzia dawa ya namna hiyo, weka feza yako kwa kununua maharagi.

Lakini kusema hakuna dawa si kusema hakuna la kufanya. Angalia jambo hili. Mtoto aliyepigwa na konzo anakaa mkekani miezi sita, visigino juu, magoti yamekunjwa. Kano nene ya nyuma ya kisigino inazoea kuwa fupi. Baada ya muda hata ukivuta kwa nguvu, kisigino hakishuki tena. Sasa mtoto yuko na shida mbili: ile ya neva, iliyoletwa na muhogo, na ile ya kano fupi, iliyoletwa na kukaa. Ya kwanza hatuwezi kuiondoa. Ya pili tunaweza kuizuia, na wewe mama ndiwe mwenye kuizuia, kwa mikono yako, bila kulipa kitu.

Na tena, misuli isiyotumika inalegea na kukonda. Mtu anachoka upesi, anaogopa kuanguka, kwa hiyo anatembea kidogo zaidi, anakonda zaidi. Ni kama njia ya shamba isiyopitwa: majani yanaifunga. Mazoezi ni kupita njia ile kila siku.

Jambo hili halikuhusu konzo tu. Huko Ulaya na Marekani kuko ugonjwa mwingine wa neva unaokaza miguu, unaitwa sklerozi. Wagonjwa wake wanafundishwa vilevile kunyoosha miguu, kusimama na kutembea kwa kipimo, na wengi wanatembea vizuri zaidi kuliko mbele, hata kama ugonjwa wenyewe haukutoka.

KABLA YA KUANZA: PELEKA MGONJWA KWA MUNGANGA

Si kila mguu mbovu ni konzo. Peleka mgonjwa hospitali kwanza, na kimbia kama unaona mambo haya:

– Mguu umelegea kama kitambaa, hautetemeki, haukazani, zaidi sana kama ni mtoto na kulikuwa na homa. Hiyo inaweza kuwa polio, na inapasa kutangazwa mara moja.
– Mgongo unauma, au kuko kinundu katikati ya uti wa mgongo. Hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Hiyo iko na dawa, lakini usichelewe.
– Upande mmoja tu wa mwili ndio mzito.
– Mgonjwa hawezi kuzuia mkojo au choo, au hasikii unapomgusa mguuni.
– Miguu inazidi kuharibika juma kwa juma, pole pole.

Munganga akisema ni konzo, anza mazoezi. Usingojee.

SHERIA TANO ZA MAZOEZI

1. Kila siku, kidogo kidogo. Nusu saa kila siku ni bora kuliko nusu siku mara moja kwa juma.

2. Pole pole. Musuli uliokaza ukivutwa kwa ghafula unakaza zaidi, na mguu unaanza kupiga-piga wenyewe. Ikianza kupiga, usiogope, usishindane nayo. Tuliza mkono, kanyagisha mguu chini, ngoja itulie, kisha endelea.

3. Kuvuta kunasikika, lakini kusiumize. Mtoto akikunja uso, sawa. Akilia kwa maumivu, umepita kipimo.

4. Pumzika mbele ya kuchoka kabisa. Mguu uliochoka unajikwaa. Asubuhi na mapema, kabla ya jua kali, ni saa nzuri.

5. Mgonjwa ndiye anafanya, wewe unasaidia. Usimbebe kama anaweza kutambaa, usimtambaze kama anaweza kusimama.

SEHEMU YA KWANZA: KUNYOOSHA (asubuhi na jioni)

Kisigino. Mlaze chali juu ya mkeka, goti limenyooka. Shika kisigino chake ndani ya kiganja chako, na mkono wako wa mbele uegemee unyayo wake. Vuta kisigino chini kuelekea kwako, huku mkono wako unasukuma unyayo kwenda upande wa goti lake. Shika hapo, hesabu pole pole mpaka 30. Acha. Fanya mara tano, kisha mguu wa pili. Usisukume kwa ncha za vidole tu. Utakunja katikati ya mguu, na kano ya kisigino itabaki fupi vile vile. Hili ndilo zoezi kubwa kuliko yote. Kama siku moja umekosa nafasi, fanya hili tu.

Nyuma ya paja. Angali chali. Inua mguu mmoja ukiwa umenyooka, mwingine ubaki chini. Inua mpaka unasikia unakataa, hesabu 30, shusha. Mara tatu.

Katikati ya mapaja. Magoti yamekunjwa, nyayo ziko chini. Weka mikono yako ndani ya magoti, fungua pole pole nje, kama kufungua kitabu. Hesabu 30. Mara tatu. Hili linasaidia miguu isipitane kama mkasi.

Mtu mkubwa anaweza kunyoosha kisigino peke yake: asimame mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, goti la nyuma limenyooka, kisigino kikanyage chini, kisha aegemee mbele.

SEHEMU YA PILI: KUTIA NGUVU

Kuinua matako. Amelala chali, magoti yamekunjwa. Anainua matako juu, anahesabu mpaka tano, anashusha. Mara tano, na juma kwa juma mpaka kumi. Mama mwenye mimba kubwa asifanye zoezi hili wala asilale chali kwa muda. Afanye lile la kiti.

Kusimama na kukaa. Aketi juu ya kiti kisicho kifupi sana, nyayo zote chini. Aegemee mbele, asimame, kisha akae pole pole, bila kujitupa. Mara ya kwanza umshike mikono. Mara tano, baadaye kumi. Likiwa rahisi, tafuta kiti kifupi zaidi. Zoezi hili ni la maana kuliko linavyoonekana, maana mtu asiyeweza kusimama peke yake anamngojea mwingine hata kwa kwenda chooni.

SEHEMU YA TATU: KUSIMAMA NA KUTEMBEA

Baba au kaka wa nyumbani akate mianzi miwili yenye urefu wa hatua tano au sita. Aifunge juu ya vijiti vilivyochimbiwa imara, mwanzi mmoja kuume na mwingine kushoto, mgonjwa apite katikati. Urefu kutoka chini uwe sawa na nyonga ya mgonjwa. Kama ni mtoto anayekua, ipandishwe kila anapokua.

Hatua ya 1. Asimame katikati, mikono juu ya mianzi, visigino chini kadiri awezavyo. Ahamishe uzito mguu wa kuume, kisha wa kushoto, kama mtu anayebembeleza mtoto mgongoni. Dakika mbili.

Hatua ya 2. Atembee ndani ya mianzi kwenda na kurudi. Mwambie: kisigino mbele, kisha vidole. Chora mstari katikati ya njia; mguu wa kuume usivuke kwenda kushoto, wala wa kushoto kwenda kuume. Hatua nzuri kumi ni bora kuliko hatua mbaya hamsini.

Hatua ya 3. Akizoea, atoke nje na magongo mawili. Baadaye moja, kama anaweza. Wengine watabaki na gongo siku zote, na hiyo si haya. Gongo ni rafiki: mtu mwenye gongo anafika kanisani, sokoni na shuleni, mtu anayeona haya ya gongo anabaki ndani.

Kupima gongo: mgonjwa asimame, mikono inaning'inia. Mahali pa kushikia pawe sawa na kifundo cha mkono, ili kiwiko kikunjike kidogo. Kama ni gongo la kwapani, kati ya kwapa na mti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Uzito unabebwa na mikono. Ukibebwa na kwapa, neva za mkono zinaharibika, na sasa utakuwa na mikono mibovu juu ya miguu mibovu. Funga kipande cha mpira wa gari chini ya gongo lisiteleze kwenye matope.

Hatua ya 4. Njia ya kweli: mlango, baraza, kilima kidogo, mawe. Wewe tembea nyuma yake kidogo, upande wa kuteremka, na kitenge kimefungwa kiunoni mwake ili ukishike akijikwaa. Usimvute kwa mkono. Atapoteza kipimo chake na kuanguka.

PIMA ILI UONE

Macho ya mama yanazoea. Hayaoni badiliko dogo. Kwa hiyo pima. Chagua mti mmoja karibu na nyumba, tuseme mti wa avoka. Kila siku ya kwanza ya juma, mgonjwa atembee kutoka mlangoni mpaka pale. Hesabu mara ngapi alisimama kupumzika. Andika kwa makala ukutani: juma la kwanza mara sita, juma la nne mara nne, juma la nane mara mbili. Siku unapokata tamaa, angalia ukuta. Na unapokuja kwetu, tuletee hesabu ile. Inatufundisha zaidi kuliko kusema "anaendelea vizuri".

Kama baada ya miezi mingi ya kunyoosha kisigino bado hakigusi chini kabisa, usijilaumu. Uliza munganga. Pengine wanaweza kuweka plastre, au kurefusha kano kwa kupasua. Lakini hata baada ya kupasuliwa, bila mazoezi kano itafupika tena.

KAZI YA PILI: CHUNGU CHA NYUMBANI

Mazoezi bila kubadilisha chakula ni kuteka maji kwa kikapu. Fanya hivi:

Loweka siku tatu kamili. Menya mihogo, iweke ndani ya maji mpaka ilainike, usiku tatu, kisha anika juani mpaka ikauke kabisa. Kule Bandundu, barabara ilipotengenezwa na magari yakaja kununua mihogo kupeleka Kinshasa, wamama walianza kuitoa baada ya usiku moja ili wauze upesi. Konzo ikaingia ndani ya vijiji. Mama, tunajua feza inatafutwa, na wakati wa njaa watoto hawangojei siku tatu. Lakini siku mbili ulizopata zinaweza kulipwa na miguu ya mtoto.

Lowanisha unga. Hii ni njia ya mtaalamu mmoja wa Australia, Bradbury, na imejaribiwa katika vijiji vya Kongo. Tia unga ndani ya beseni, weka alama mahali unga unapofika. Tia maji kidogo kidogo na kukoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda; ukifika kwenye alama ile, acha kutia maji. Tandaza juu ya mkeka safi, wembamba usiopita sentimetre moja. Acha masaa mawili juani, au matano kivulini. Sumu inatoka kwa hewa. Pika bugali siku ile ile. Njia hii haiondoi kuloweka, inaongeza ulinzi.

Usile muhogo peke yake. Maharagi, soya, karanga, sambaza, yai: vyakula hivi vinasaidia mwili kushinda sumu. Hata sambaza kidogo zilizotwangwa ndani ya mboga ya mtoto ni bora kuliko bure. Changanya unga wa muhogo na wa mahindi ukipata. Sombe twanga vizuri na chemsha sana. Wakati wa ukame zidisha uangalifu, maana muhogo uliokosa mvua unakuwa na sumu mingi.

NENO KWA MAMA MWENYEWE ALIYE MGONJWA

Pengine wewe unayesoma ndiwe mwenye miguu ile. Wamama wengi wenye konzo wanazaa na kulea. Njoo kwenye kupima mimba mapema, utuonyeshe miguu yako, tupange pamoja pa kuzalia, usije ukatembea njia ndefu na uchungu. Mazoezi yako fanya wakati mtoto amelala. Mume wako akusaidie kunyoosha kisigino. Ni kazi ya dakika kumi, na mwanaume anaweza kuifanya vizuri sana. Na kazi za kubeba mzigo waachie wengine. Si uvivu, ni kuhifadhi nguvu za kutembea.

Na mtoto mwenye konzo aende shule. Akili yake inataka kufundishwa. Kama shule ni mbali, wenzake wamtangulize asubuhi, apumzike njiani. Kule kutembea kwenda shule ndiko zoezi lake bora.

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA

1. Juu ya nini tunashika kisigino chenyewe na si ncha za vidole tu?
2. Mguu ukianza kupiga-piga, utafanya nini?
3. Gongo liwe na urefu gani?
4. Ni dalili zipi zinazokuambia kwamba si konzo, na inapasa kukimbia hospitali?
5. Muhogo unalowekwa usiku ngapi? Unga ulioloweshwa unakaa juani masaa mangapi?

KAZI YA NYUMBANI: Kabla ya siku ijayo ya kilo, fundisha mama mmoja wa kijiji chako zoezi la kisigino. Umfundishe kwa mikono, si kwa maneno tu. Kama kuko mgonjwa kwake, mwambie aje pamoja nawe.